Kupatanisha Kebo ya Antena na Redio ya Ridhaa: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Uganda

Mita ya SWR (namba inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi; 1.0 ni upatano kamili) iliyo mezani hukuambia jambo moja tu: jinsi redio inavyoiona kebo pale ilipochomekwa. Haikuambii hali ya antena, wala ni wati ngapi zimefika juu ya mlingoti. Chukua mita 30 za kebo ya RG-58, acha upande wa pili wazi bila antena yoyote, kisha upime kwa kipimaji kwenye 145 MHz. SWR itasoma karibu 1.7. Antena haipo kabisa, lakini kipimo kinapendeza, kwa sababu nguvu iliyokwenda imeliwa njiani, na ile iliyogonga mwisho na kurudi imeliwa mara ya pili. Anayetazama namba hiyo tu atasema kituo ni kizima.

Kwa hiyo kazi ya kupatanisha ina utaratibu wake. Ijue kebo ikiwa bado iko chini. Irekebishe antena kwenye sehemu inapolishwa. Weka kifaa cha kupatanisha huko huko juu, pale pale omu za antena na za kebo zinapotofautiana. Kisha zuia mkondo unaoshuka nje ya kebo. Tyuna ya mezani, yaani kifaa cha kupatanisha kinachokaa karibu na redio, huja mwisho, na mara nyingi haihitajiki. Vituo vingi vinavyosikika vibaya vilijengwa kwa kuanzia mezani kwenda juu.

Maelezo haya ni kwa mwenye leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, na ishara ya wito inayoanza na 5X. Uganda iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hivyo bendi ya mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi) ni 7.0 hadi 7.2 MHz, mita 20 ni 14.0 hadi 14.35 MHz, na mita 2 ni 144 hadi 146 MHz. Antena iliyokatwa kwa kufuata vipimo vya Marekani, ambako mita 40 hufika 7.3 MHz, itakuwa fupi kuliko unavyohitaji.

Namba unazohitaji, na za kuachana nazo

Redio karibu zote za kisasa zimeundwa kuona omu 50. Zikiona kitu kingine, sehemu ya nguvu hurudi: SWR ya 1.5 hurudisha asilimia 4, SWR ya 2 asilimia 11, SWR ya 3 asilimia 25. Redio ya transista huanza kupunguza nguvu yake yenyewe SWR inapofika au kupita 2, ili transista za mwisho zisiungue. Ukiona 1.5 au chini yake, shuka mlingotini. Kutafuta 1.0 kamili ni kupoteza mchana mzima kwa tofauti ambayo msikilizaji wa upande wa pili hawezi kuisikia.

Kinachostahili muda wako ni upotevu wa kebo. Mita 25 za RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 (kupoteza desibeli 3 ni kupoteza nusu ya nguvu) kwenye 7 MHz, jambo linalovumilika. Kwenye 145 MHz kebo hiyo hiyo hupoteza karibu desibeli 5: ukituma wati 50, zinazofika juu ni kama 16. RG-213, iliyo nene zaidi, kwa urefu huo hupoteza karibu nusu desibeli kwenye 7 MHz, na kidogo zaidi ya desibeli 2 kwenye 145 MHz, yaani wati 50 zako hufika kama 30. Kwa hiyo anayefanya kazi mita 40 pekee asijitese kutafuta kebo nene. Wa mita 2, anayetaka kuvuka vilima vya Kampala, atumie RG-213 au bora zaidi, na aifupishe kadiri anavyoweza.

Halafu kuna RG-6, ile kebo nyeupe au nyeusi ya madishi ya DStv, inayopatikana katika kila mji kuanzia Arua hadi Kabale. Ni ya omu 75, si 50, na wengi huikataa kwa sababu hiyo. Hawaitendei haki. Upotevu wake kwenye HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) ni mdogo kuliko wa RG-58, inabeba wati 100 bila taabu, na dipoli (antena ya waya wa mikono miwili unaolishwa katikati) iliyoinuliwa vizuri ina omu karibu na 73. Ikitumika yote kutoka dipoli hadi redio, SWR itakayoonekana mezani ni kama 1.5, na redio nyingi huikubali. Kasoro yake iko kwenye viungo. Wavu wake, yaani nyuzi zilizosukwa kuzunguka kebo ndani ya ganda, kwa kawaida ni wa alumini, haushiki risasi ya kulehemu, na waya wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Usijaribu kuilehemu ndani ya PL-259, plagi ya kawaida ya redio. Ifunge kwa plagi yake ya aina ya F ya kubana kwa koleo, kisha tumia adapta ya kutoka F kwenda PL-259, inayoingia kwenye tundu la redio (SO-239). Chagua nyeusi kwa sehemu inayokaa nje. Ganda jeupe halistahimili jua letu.

Hatua ya 1: Pima kebo kabla haijapanda

Kebo mpya dukani haina maana ya kebo nzima. Ikunjue yote chini. Kwa multimita, hakikisha waya wa kati na wavu havigusani, kisha unganisha pamoja upande wa mbali na uangalie kama usomaji unakaribia sufuri. Pindapinda kebo karibu na kila plagi huku ukitazama namba. Ikirukaruka, kiungo hicho kikate ufunge upya.

Kisha pima upotevu. Mwenye NanoVNA, kipimaji kidogo cha antena na kebo, aache upande wa mbali wazi na kusoma SWR upande wa karibu kwenye masafa atakayotumia. Hapa mambo yamegeuka: SWR kubwa ndiyo nzuri. Usomaji wa 17 maana yake kebo inapoteza nusu desibeli kwa safari moja, 8.7 ni desibeli 1, 4.4 ni desibeli 2, 3 ni desibeli 3, na 1.7 ni desibeli 6. Ukipima mita 25 za RG-58 kwenye 7 MHz na kupata karibu 9, kebo ni nzima. Ukipata 3, ina maji ndani, au ina wavu mwembamba uliosukwa kwa uchache, na hakuna upatanisho utakaoiokoa. Jaribio hili ni la kipimaji tu. Usiwashe redio na kutuma kwenye kebo iliyo wazi.

Asiye na kipimaji atumie mita ya wati na mzigo bandia. Nunua rezista 20 za kilo-omu 1, wati 2 kila moja, za filamu ya kaboni au ya metali, uzilehemu sambamba kati ya vipande viwili vya bati la shaba: unapata omu 50 za wati 40. Rezista za waya uliozungushwa hazifai, kwa kuwa kila moja ni koili. Tuma wati 10, pima mwanzoni mwa kebo, kisha pima mwishoni mbele ya mzigo. Zikifika 8, umepoteza desibeli 1. Zikifika 5, umepoteza 3.

Kuhusu plagi za PL-259: tumia pasi ya kulehemu ya wati 80 au zaidi. Pasi ndogo hukaa muda mrefu ikijaribu kupasha chuma, na wakati huo plastiki ya ndani inayeyuka na waya wa kati unahama hadi kugusa wavu. RG-58 ni nyembamba, hivyo plagi inahitaji bushi ya kupunguzia. Wavu uugeuzie juu ya bushi, ukaze, kisha ulehemu kupitia matundu ya plagi. Usiutegemee mkazo peke yake. Baada ya mwaka mmoja wa unyevu wa Entebbe au Jinja, kiungo kisicholehemiwa hufanya kutu na kuanza kukwaruza masikioni.

Hatua ya 2: Rekebisha antena yenyewe

Tuchukue dipoli ya mita 40 kwa umbo la V iliyopinduliwa, kwa kuwa inahitaji mlingoti mmoja tu, na mti wa mkaratusi wa mita 10 hauna shida kupatikana. Paka sehemu itakayozikwa oili chafu. Mchwa hauli siku moja, ila siku moja utakuta mlingoti umeinama. Kileleni funga kapi na kamba, ili antena ishuke na kupanda bila mtu kupanda. Utaishusha mara nyingi.

Urefu wote wa dipoli kwa mita ni 143 ugawanye kwa MHz. Kwa 7.1 MHz ni mita 20.14, yaani mita 10.07 kila mkono. Anza na mita 10.4 kila upande. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 unafaa kabisa, ila ganda lake la plastiki hupunguza kasi ya wimbi, na mikono inayoshuka kuelekea ardhini hushusha masafa, hivyo karibu kila mara utaishia kufupisha. Pembe ya kileleni isipungue digrii 90. Ncha zikae mita 3 au zaidi juu ya ardhi: wakati wa kutuma zina volti nyingi, na watoto hawajui waya huo ni wa nini.

Sasa ondoa kebo kwenye kipimo. Fanya urekebishaji wa NanoVNA, yaani wazi, mguso na mzigo wa omu 50, ukiviweka vipande hivyo mwisho wa kebo, pale antena itakapofungwa, huku kifaa kiko chini upande wa redio. Kuanzia hapo skrini inaonyesha antena yenyewe, si antena iliyotazamwa kupitia mita 25 za kebo. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa namba zinapobadilika kila wanapobadilisha urefu wa kebo. Kabla ya kuchomeka antena kwenye kipimaji, gusanisha waya wa kati na ganda la plagi kwa bisibisi. Upepo mkavu na wingu lililo mbali huacha chaji kwenye waya mrefu, na chaji hiyo inatosha kuua kifaa.

Tafuta masafa ambayo X, yaani sehemu ya omu isiyotumia nguvu, ni sufuri. Tuseme ni 6.85 MHz na unataka 7.1. Urefu mpya ni 10.4 mara 6.85 gawanya kwa 7.1, yaani mita 10.03. Hesabu inataka uondoe sentimita 37 kila upande. Ondoa 25 kwanza, pande zote mbili sawasawa, kisha pima tena. Afadhali ukunje ncha na kuibana kwa tepe sambamba na waya wenyewe kuliko kukata. Hufanya kazi karibu sawa na kukata, nawe unaweza kurudi nyuma.

Masafa yakishakuwa sawa, soma R, yaani omu zinazopokea nguvu. Ikiwa R ni 70 au 80, leta ncha karibu na mlingoti kidogo ili pembe ipungue, R itashuka. Ikiwa ni 35, tawanya ncha au inua antena. Watu wengi hukatakata waya kutafuta SWR ndogo wakati urefu ulishakuwa sahihi na kilichobaki ni umbo. Waya ukikatwa hapo, masafa yanahama na R inabaki ilivyo.

Paa la mabati chini ya antena hubadilisha kila kitu. Antena iliyo mita 1 juu ya mabati itakuwa na R ndogo sana na ukanda mwembamba wa masafa, nayo itanyanyua kelele za kila balbu na chaja iliyo ndani. Ipeleke uani hata kama kebo itaongezeka mita 10. Kwenye HF hiyo ni biashara nzuri. Mjini Kampala acha waya ulegee kidogo na ncha zifungwe kwa kamba inayopita kwenye kapi yenye mzigo wa mawe, maana korongo wakubwa, wale kaloli, hutua popote wapatapo.

Hatua ya 3: Pale antena inapokataa kuwa omu 50

Si kila antena ni dipoli. Kitanzi cha wimbi zima, kwa mfano cha pembetatu kwa mita 20, kina takriban omu 100 hadi 120. Kikifungwa moja kwa moja kwenye kebo ya 50 kinatoa SWR ya 2 au zaidi, na redio inapunguza nguvu. Hapa ndipo RG-6 inapong'ara.

Kipande cha kebo chenye robo ya wimbi hugeuza omu kwa kanuni moja: impidansi ya kebo (omu zake) ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha ukagawanya kwa omu za antena, unapata omu za upande wa redio. Kwa kebo ya 75 na antena ya 110: 75 mara 75 ni 5,625, gawanya kwa 110, jibu ni 51. Ni kebo tu, bila koili wala kapasita, na haina cha kuungua.

Kitanzi chenyewe: 306 gawanya kwa 14.2 ni mita 21.55, karibu mita 7.18 kila upande wa pembetatu. Anza na 21.6, na utarajie kupunguza asilimia 2 au 3 kwa sababu ya ganda la waya. Kipande cha robo: 75 gawanya kwa 14.2 ni mita 5.28, kisha zidisha kwa kiwango cha kasi cha kebo (kasi ya wimbi ndani yake ikilinganishwa na hewani). Makosa mengi huzaliwa hapa. Kebo yenye plastiki ngumu ndani ina kiwango cha 0.66, na kipande kingekuwa mita 3.48. RG-6 ina povu, na kiwango chake ni kati ya 0.82 na 0.85, hivyo kipande ni mita 4.33 hadi 4.49. Anayenakili 0.66 kwa RG-6 anakosea kwa karibu mita nzima, kisha analaumu kanuni.

Usikisie. Kata RG-6 mita 4.7, iache wazi upande wa mbali, uiunganishe na kipimaji. Kipande cha robo ya wimbi kilicho wazi mwishoni huonekana kama kimegusanishwa: R karibu na sufuri na X sufuri. Kwa mita 4.7 hilo litatokea karibu na 13 hadi 13.5 MHz. Kata sentimita 3 kwa mara moja mpaka lifike 14.2. Kisha unganisha kitanzi, kipande cha RG-6, na baada yake RG-58 au RG-213 ya urefu wowote hadi redioni. Kipande kifanye kazi kikinyooka au kikiwa koili pana, vyote sawa. Kisibanwe kwa pembe kali.

Wenye viwanja vyembamba hutumia waya mmoja wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni. Huo una omu kama 2,500, na kebo haiwezi kuupatanisha. Jenga transfoma ya 49 kwa 1: pete ya feriti FT240-43, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa antena, na kapasita ya pF 100 ya volti 1,000 au zaidi sambamba na mizunguko miwili ile. Funga kizuizi cha mkondo mita chache chini yake, vinginevyo ganda la kebo litakuwa nusu ya pili ya antena yako.

Hatua ya 4: Zuia mkondo unaoshuka nje ya kebo

Ndani ya kebo ya koaksia, yaani hii yenye waya wa kati na wavu, mikondo miwili husafiri ikifutana. Lakini wavu una uso wa nje pia, na dipoli iliyofungwa moja kwa moja kwenye kebo husukuma mkondo kwenye uso huo. Kebo inakuwa sehemu ya antena. Dalili zake: SWR inabadilika ukishika kebo au ukiisogeza, maikrofoni inakuuma mdomoni, kompyuta inakata USB unapotuma, spika za jirani zinakoroma. Pia kelele za nyumbani hupanda kwa njia hiyo hiyo kuelekea antena. Kituo kilichopatanishwa lakini hakina kizuizi ni kituo ambacho vipimo vyake havitegemeki.

Kizuizi kizuri, ambacho mafundi hukiita baluni ya 1 kwa 1, ni mizunguko 12 ya RG-58 kupitia pete ya feriti FT240-31. Kinafungwa pale pale dipoli inapolishwa. Asiyeweza kuagiza pete hiyo atumie bomba la maji taka la PVC la milimita 110: zungusha mita 6.5 za RG-58, mizunguko 18, kila mmoja ukikaa kando ya mwenzake kwa tabaka moja. Usiikunje ovyo kama kamba ya ng'ombe, maana mzunguko wa kwanza ukigusana na wa mwisho, mkondo huruka moja kwa moja kati yao na koili haizuii kitu. Bomba linasaidia, ila feriti huzuia kwa ukanda mpana zaidi. Ukipata pete, usiridhike na bomba.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta pete katika maduka ya mafundi wa kompyuta. Pete ya njano yenye uso mmoja mweupe, inayotoka kwenye pawa sapulai, ni unga wa chuma, si feriti. Hapa haifai: haizuii vya kutosha, na inapashwa moto. Zile silinda za kijivu zinazobana kebo za skrini ni feriti kweli. Zikiwa na tundu pana, panga kadhaa na upitishe kebo mara nyingi kadiri inavyoingia.

Hatua ya 5: Laini ya waya mbili, kwa anayetaka bendi nyingi

Dipoli ya mita 40 ukiilazimisha kwenye mita 20 ina maelfu ya omu. Mita 25 za RG-58 zilizopatana hupoteza desibeli 1.4 kwenye 14 MHz, lakini SWR juu ikiwa karibu 60, upotevu unapanda kufikia kama desibeli 10. Wati 100 zinakuwa karibu wati 9. Na mezani? Kebo imeficha tatizo, SWR inaonekana chini ya 6, tyuna inaimudu kwa sekunde mbili, mita inasoma 1.0, na kebo inapashwa moto. Ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa kuwa kila taa inaonyesha kijani.

Laini ya waya mbili inaponya hilo. Impidansi yake ni 276 mara logi (ya msingi wa 10) ya namba hii: umbali kati ya waya mara mbili, gawanya kwa kipenyo cha waya. Waya mgumu wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78, hivyo kwa omu 600 nafasi ni sentimita 13. Kwa waya wa 1.5 nafasi ni sentimita 10. Kata vipande vya paipu ya umeme ya PVC kwa urefu huo ukiongeza sentimita 2, toboa ncha, pitisha waya na uzibane kila baada ya sentimita 40 au 50. Mita 25 zinahitaji vipande kama 55. Laini hiyo ikibeba dipoli hiyo kwenye mita 20 haitapoteza hata nusu desibeli.

Inadai nafasi. Iweke mbali na mabati, fremu za madirisha na mabomba kwa sentimita 30 walau, isilale ardhini, na ziada yake isikunjwe koili. Ipitishe kwenye ubao uliotobolewa, si kwenye chuma. Ndani ifunge kwenye kizuizi cha 1 kwa 1 kile kile cha feriti, kisha kipande kifupi cha koaksia, kisha tyuna. Tyuna ikishindwa kwenye bendi moja, ongeza mita 2 au 3 za laini na ujaribu tena. Urefu tofauti huleta omu tofauti mezani.

Hatua ya 6: Tyuna na kutuma kwa mara ya kwanza

Sikiliza kwanza kama masafa ni matupu, tamka ishara yako ya wito, tuma wati 10 kwa CW (mawimbi ya Morse) au FM. Sauti ya SSB, namna ya kawaida ya kuongea kwenye HF, hupandapanda na kushuka, mita haiwezi kutulia. Ukiwa na tyuna ya mkono yenye kapasita mbili na koili, anza na kapasita zote katikati, zungusha koili mpaka kelele za mapokezi ziwe juu kabisa, ndipo utume na kumalizia. Panapopatikana mahali pawili panapotoa 1.0, chagua penye koili ndogo na kapasita zilizofungwa zaidi. Hapo upotevu ni mdogo na cheche hazirukiruki. Kisha panda hadi wati 50, halafu 100, ukishika plagi na kebo kila mara baada ya kuacha kutuma. Kinachopata joto ndicho kinachokula nguvu. SWR inayopanda polepole wakati wa kutuma ni kiungo kinachopashwa au pete ya feriti iliyozidiwa.

Mvua na radi

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Mwezi Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Mlingoti wa mita 10 uani ni mwaliko. Kebo ichomolewe redioni kila unapomaliza kutuma, si wingu linapotanda, na ncha yake ibaki nje ya nyumba. Pale inapoingia ukutani, funga wavu kwenye fimbo ya ethi ya mita 1.2 au zaidi. Murram wakati wa kiangazi hupitisha umeme vibaya, hivyo piga fimbo tatu zilizoachana mita 2 na uziunganishe kwa waya mnene, pamoja na ethi ya nyumba. Hata hivyo ethi hiyo haimaanishi uendelee kutuma wakati wa ngurumo. Usipime wala kushika antena ukisikia radi kwa mbali.

Maji huingia kwenye kebo kupitia kiungo cha juu na kutambaa ndani ya wavu kama kwenye utambi. Funga kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, au ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya bodaboda ukivutwa kwa nguvu, kisha juu yake tepe ya umeme kutoka chini kwenda juu ili mikunjo iwe kama vigae. Acha kebo ining'inie kitanzi kabla ya kuingia dirishani, maji yadondokee hapo.

Andika daftarini SWR kwenye masafa matatu ya kila bendi siku antena ilipokamilika, na upotevu wa kebo uliopima ikiwa chini. Pima tena baada ya mvua za Machi hadi Mei, na tena Desemba. SWR ikipanda, kuna kiungo kilicholegea au waya uliokatika. SWR ikishuka na ukanda ukapanuka bila wewe kugusa chochote, shusha antena, ifungue kebo juu, na urudie jaribio la ncha iliyo wazi. Mita 25 zile za RG-58 zilizosoma 9 zikisoma 4, chubua sentimita 10 za mwisho uangalie wavu. Ukiwa mweusi, kata mita nzima na upime tena. Ukiendelea kuwa mweusi, nunua kebo nyingine.